Kununua pata kusigeuke pata potea: miaka mitatu nimecheza na fimbo isiyo yangu

Bogi Kila Siku (#1)

Wakuu, habari za wikiendi.

Hii fimbo ya gofu ya kumalizia mpira shimoni, pale kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), huku viwanjani tunaiita pata, na utani wake mnaujua: ukiokota yoyote tu, ni pata potea. Mimi mchezo huo nimeucheza miaka mitatu, na aliyekuwa anachanganya karata ni mimi mwenyewe.

Nilinunua ya mitumba kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Bledi, yaani pata ya kichwa chembamba, inchi 35, shingo imepinda, inang'aa. Niliipenda kwa sababu inafanana na ya Tiger Woods, na nikisema kulikuwa na sababu nyingine nitakuwa nawadanganya. Mpira nafikisha grini vizuri tu, halafu hapo ndipo msiba unapoanza. Kadi ya par 72 (mapigo 72 yanayotarajiwa kwa mashimo 18) imeshakuhesabia mapigo mawili ya pata kila shimo, yaani 36, nusu ya mchezo mzima. Mimi nilikuwa narudi klabuni na 41, 42, na jioni bado nalaumu draiva, fimbo ya kuanzia shimo.

Aliyenifumbua macho ni kedi, mbeba mkoba wangu wa fimbo. Tuko shimo la saba, nimekosa mpira wa hatua mbili, akaniambia taratibu: "Bosi, mbona unaishika kama umebeba sinia?" Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikasimama mbele ya kioo na fimbo yangu, kicheko kikaisha. Viwiko vimekunjwa vimetoka nje, mabega yamepanda, mpira uko mbali na miguu, na ncha ya kichwa cha pata imeinuka juu ya sakafu kiasi cha kupitisha sarafu chini yake. Mimi nina sentimita 168. Ile fimbo ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo jambo langu kubwa kwenye uzi huu ni moja: urefu kwanza. Chapa, rangi na bei vije baadaye.

Namna nilivyopima, na wewe unaweza hata sebuleni. Vaa viatu vya kuchezea. Inama kutoka kiunoni, mikono uiache ining'inie yenyewe kama khanga kwenye kamba, usiilazimishe. Shika pata pale mikono ilipoangukia. Juu ya mkono kukibaki gripu (kishikio) ya inchi mbili, hizo mbili si zako. Kisha weka mpira chini mahali unapopigia, chukua mpira wa pili uweke katikati ya macho, uuachie. Ukidondokea juu ya wa kwanza, au ndani yake kidogo upande wa miguu, umekaa vizuri. Wangu ulidondokea karibu na vidole vya miguu. Maana yake miaka mitatu nilikuwa nautazama mstari kwa pembeni, nauona ulivyopinda wakati haujapinda.

Madukani nyingi ni inchi 34 au 35, lakini watu wengi wa kimo changu wanaangukia 33. Nilipeleka kwa fundi akakata inchi mbili juu, upande wa gripu. Hapo nikajifunza na hili: ukikata ufito, yaani mpini wa fimbo, kichwa unakihisi chepesi, kama sufuria tupu. Tukabandika utepe wa risasi chini ya kichwa hadi mkono ukakubali.

Jambo la pili ni balansi, na hapa ndipo wengi tunaibiwa na macho. Lalisha ufito juu ya kidole, karibu na kichwa, uache ujisawazishe wenyewe. Kuna pata ambazo uso (upande unaogonga mpira) utatazama mbinguni, na kuna ambazo ncha itaning'inia kuelekea chini. Mkono unaokwenda nyuma na mbele kwa mstari ulionyooka unasikilizana zaidi na ile ya uso juu. Mkono unaochora upinde, kama mlango unavyofunguka na kufungwa, unasikilizana na ya ncha chini, kwa sababu kichwa kinataka kujizungusha na wewe unakiruhusu. Hii si msahafu, nimeona watu wazuri wanaoivunja. Ila mtu asiyejua mkono wake uko kundi gani asinunue kitu. Weka simu juu ya kabati, irekodi kutoka juu, piga mipira ishirini. Mimi niliapa napiga mnyoofu. Video ikaniumbua.

Kwa nini uso ni muhimu hivyo? Fanyeni hesabu na mimi. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni 54. Ukiwa mita 3 na uso umepotoka digrii moja tu, mpira utafika pembeni kwa milimita 52 hivi. Unalamba ukingo, labda unaingia, labda unazunguka na kutoka. Digrii mbili, umekosa bila hata ubishi. Digrii mbili huwezi kuziona kwa macho ukiwa umesimama.

Ndiyo maana umbo nimeliweka la tatu. Bledi au maleti (ya kichwa kikubwa), chukua ile ambayo macho yako yanailenga sawasawa. Jaribio: weka sarafu ukutani mita mbili mbele, lenga, kisha usitikisike. Mwenzako alaze skwea ya fundi seremala kwenye uso wa pata na kuvuta uzi (uzi wa kweli, si huu) kuelekea ukutani. Rudia mara tano kwa kila fimbo. Mimi na bledi nilikuwa nalenga kulia kwa upana wa kiganja. Na maleti yenye mistari miwili mirefu mgongoni, nikawa napishana na sarafu kwa kidole. Nikanunua maleti. Inchi 33. Naandika nikiwa na wastani wa pata 34 kwa raundi zangu za karibuni, msinicheke, nimetoka mbali.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu shukeni.

---

Kedi Mstaafu (#2)

Mkuu, heshima yako, lakini wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Nimebeba mabegi ya watu miaka kumi na tisa. Sisi makedi siku ya Jumatatu tulikuwa tunacheza watu sita na pata moja, imepinda, gripu tumeifunga mpira wa baiskeli. Na kuna mwenzetu alikuwa anaingiza kutoka popote. Mabosi wanabadilisha pata kila mwezi kama laini za simu, handikapu (kipimo cha kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo bora) iko palepale 22. Mazoezi, mkuu. Saa moja kwenye grini ya mazoezi kabla ya kuanza, badala ya supu.

---

Bogi Kila Siku (#3)

Kedi Mstaafu, nimekuelewa kaka, na la supu limenigusa. Lakini mkulima huyohuyo ukimpa jembe lenye mpini unaomfika begani, jioni anarudi na mgongo. Sijasema nunua mpya kila mwezi. Nimesema nunua moja inayokutosha, ufe nayo.

---

Kedi Mstaafu (#4)

Hapo sawa. Na niongeze: huyo mwenzetu alikuwa mrefu kuliko sisi wote, na ile pata ilikuwa ndefu. Nimelifikiria hilo sasa hivi baada ya miaka yote hiyo 😂

---

Mama Weji (#5)

Asante kwa uzi. Nizungumzie upande wetu kina mama, maana tunauziwa rangi.

Mimi ni mfupi, 155. Seti "ya kike" niliyonunua ilikuja na pata ya inchi 33, nyepesi kama mwiko, ina maua. Kwenye grini yenye nyasi nzito za masika ilinibidi niipige kwa nguvu kama nafukuza paka, na ukipiga kwa nguvu kiganja kinacheza, uso unafunguka. Mwalimu wangu akanipa pata ya kawaida ya wanaume, maleti yenye kichwa cha gramu 360 na kitu, iliyokatwa hadi 32. Siku hiyohiyo umbali ukatulia. Kichwa kizito kinabembea chenyewe, wewe unasindikiza tu.

Na gripu, Bogi umeiruka. Pata ndiyo fimbo pekee mkobani ambayo sheria zinairuhusu gripu isiwe mviringo, ndiyo maana ina ule upande bapa wa kulazia vidole gumba. Wenye viganja vinavyotetemeka jaribuni gripu nene, inatuliza mkono. Mimi haikunifaa, nilikosa hisia ya umbali, nikarudi kwenye nyembamba.

---

Mzee wa Brauni (#6)

Vijana, nawasoma kwa furaha.

Nyinyi mmezaliwa na grini za nyasi. Sisi tulianza kwenye brauni: mchanga umechanganywa na mafuta, umeshindiliwa. Mpira ukishafika, kedi anaburuta kifaa cha kusawazisha, anakuchorea njia iliyonyooka hadi shimoni, unapiga. Hakuna mteremko wa kusoma wala ulalo wa nyasi. Pata yangu ilikuwa ya shaba, uso wake umelala nyuma sana, maana mchanga unaukamata mpira usipouinua kidogo.

Nilipohamia kwenye nyasi na pata ileile, mpira ukawa unaruka kama chura kabla ya kuanza kubingirika. Nikadhani uzee. Baadaye ndipo nikaelewa habari ya lofti, yaani mwinamo wa uso. Watu wanadhani uso wa pata umesimama wima. Sivyo, una mwinamo wa digrii 3 au 4 hivi, kwa sababu mpira ukitulia kwenye nyasi unajichimbia kikalio kidogo, na lazima utolewe humo kabla haujabingirika. Grini ya nyasi ndefu na ya taratibu inataka mwinamo zaidi, grini iliyonyolewa inataka pungufu. Kwa hiyo kabla hujauliza pata gani, uliza unacheza wapi.

---

Bogi Kila Siku (#7)

Shikamoo mzee. Hii ya brauni sikuwahi kuisikia ikielezwa hivi.

---

Mzee wa Brauni (#8)

Marahaba. Ile pata ya shaba ninayo bado.

---

Mulligan wa Nairobi (#9)

Sasa wadau. Mimi huku Nairobi huwa naenda kuangalia mashindano ya Kenya Open yakiwa klabu ya Muthaiga, na siku yangu ninayoipenda si Jumapili, ni zile siku za mapema wachezaji wanapofanya mazoezi. Unasimama kwa kamba kando ya grini ya mazoezi na unahesabu. Hapo kitambo ilikuwa bledi kila mahali. Siku hizi maleti zimejaa, kubwa kubwa kama pasi ya mkaa.

Wale wanaosema maleti ni ya watu wasiojua, waangalie Scottie Scheffler. Mapema 2024 alikuwa anapiga mpira hadi grini vizuri kuliko mtu yeyote duniani na pata inamwangusha. Mchezaji mwenzake Rory McIlroy akasema hadharani kwa televisheni kwamba angependa kumwona akijaribu maleti. Machi hiyo Scheffler akaingia mashindano ya Bay Hill na maleti ya TaylorMade Spider, akashinda, halafu wiki iliyofuata akachukua mashindano ya Players pia. Mtu namba moja duniani amekubali kusaidiwa, wewe wa handikapu 20 unaona aibu?

Kitu kingine, hizi nyasi zetu za kikuyu. Mpira ukikaa nje ya grini, usijidanganye utatumia pata kama wale wa Scotland. Kikuyu inashika mpira hadi unafika nusu ya njia umechoka. Hapo toa chuma namba 8 (fimbo yenye uso uliolala zaidi) upige kama pata, mpira uruke ile nyasi kwanza.

---

Fundi Ufito (#10)

Mimi nafunga gripu na kukata fimbo, niseme ya karakana.

Bledi ya Bogi ambayo kila mtu anasema "ya Tiger" ukoo wake ni Ping Anser ya 1966. Aliyeibuni ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei, mhandisi wa General Electric, ambaye alikuwa anakosa pata kama sisi na akakasirika kihandisi. Alichora mchoro wa kwanza kwenye jalada la sahani ya santuri. Jina alipendekeza mkewe Louise, ni neno la Kiingereza la "jibu" (answer), akamwambia aondoe herufi w ili litoshe kwenye kichwa. Alichofanya Karsten ni kuondoa uzito katikati na kuupeleka kisiginoni na nchani. Ukipiga nje ya katikati, kichwa hakijizungushi sana. Maleti za leo ni wazo hilohilo limepelekwa nyuma na pembeni zaidi. Kwa hiyo msigombane, bledi na maleti ni mtu na binamu yake.

Kuhusu kukata: usikate upande wa kichwa. Nimeletewa tatu za hivyo. Toa gripu, kata juu kwa kikata bomba cha mafundi bomba, punguza nusu inchi, jaribu wiki, kata tena. Chuma hakioti.

Na feki. Pata za chapa ghali zinaigwa sana, na picha za mtandaoni zinakuwa za kitu halisi. Ukiletewa mkononi, angalia maandishi yaliyochongwa: ya kweli yana kingo safi na rangi imejaa sawasawa hadi kwenye pembe. Ya uongo rangi imevuka mstari. Gonga mpira mara kumi usikilize. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa.

---

Mpwani (#11)

Mie niko Mvita, viwanja vyetu viko kando ya bahari, na kusi ikivuma hata suruali inakupiga. Huku pata nyepesi haifai. Upepo unakutikisa wewe na fimbo yako kabla hujaugusa mpira. Simama miguu imepanuka, chukua kichwa kizito, na usikiweke chini kikakaa. Kielee kidogo juu ya nyasi. Hayo tu.

---

Boksi la Dubai (#12)

Nipo huku Dubai nabeba boksi. Nilipata ofa ya kupimwa kwenye mashine, kamera na kila kitu. Matokeo: nusu inchi fupi kuliko niliyokuwa nayo, mwinamo digrii 2.5 kwa sababu grini za huku zina kasi, na balansi ya ncha chini. Nikarudi nyumbani likizo na pata hiyohiyo. Kwenye grini za kwetu mpira ukawa unakwama kila mara futi moja kabla ya shimo. Mzee wa Brauni kanisemea yote.

Wanaonipigia debe hizi pata mpya zisizojizungusha, za kampuni ya L.A.B. na wenzao: nilijaribu. Ile ambayo J.J. Spaun alishindia US Open 2025 pale Oakmont, akaingiza kutoka futi 64 kwenye shimo la mwisho. Ina umbo la kitu kilichodondoka kutoka kwenye ndege. Inafanya kazi kweli, uso unabaki ulipouacha. Bei yake lakini... nitangoja mitumba.

---

Kushoto Tupu (#13)

Wakuu sisi wa mkono wa kushoto tunafanyaje? Mitumba yote ni ya kulia. Na je, naruhusiwa ile ndefu ya kuegemeza kifuani? Mgongo unanisumbua.

---

Fundi Ufito (#14)

Kushoto Tupu, mbili kwa pamoja.

Ndefu inaruhusiwa, kuiegemeza ndiko kulikokatazwa. Adam Scott alishinda mashindano ya Masters 2013 akiwa ameikita kifuani, na kabla yake Keegan Bradley alichukua PGA Championship ya 2011 na ya tumboni. Tangu Januari 1, 2016 huwezi. Mkono wa juu lazima uwe huru, usigande mwilini. Bernhard Langer anaendelea na ndefu yake hadi leo kwa kuiacha iwe mbali na kifua. Kwa mgongo wako inafaa, ila itakuchukua miezi kuizoea umbali.

Ya kushoto: zipo pata zenye nyuso mbili, mbele na nyuma, na sheria zinaziruhusu mradi nyuso zifanane. Hata asiye wa kushoto anaweza kukupa yake ujaribu. Na jaribu pia kupiga pata kwa kulia. Phil Mickelson anaandika kwa mkono wa kulia na gofu anacheza kushoto, kwa hiyo mkono wa kalamu hauamui kila kitu.

---

Kushoto Tupu (#15)

Nimejaribu kulia leo asubuhi uwanjani. Kumi, nimeingiza sita. Kushoto nimeingiza nne. Sijui nifurahi au nilie.

---

Mama Weji (#16)

😂😂 Furahi, mitumba yote sasa ni yako.

Bogi, hivi kile kipande cha inchi mbili ulichokata, na ile bledi yenyewe, vimeishia wapi? Kama bado ipo niko na kijana wangu ana 185, anatafuta ndefu.

---

Bogi Kila Siku (#17)

Bledi ipo, Mama Weji, ila nilishaikata ikawa 33, kijana wako atapiga magoti. Kwa sasa inafungia geti la banda la kuku, na inakaa sawasawa kabisa, tundu lilikuwa linataka inchi 33 kamili. Kipande kilichokatwa nimempa yule kedi. Amekifanya kishikio cha funguo, kila tukikutana anakizungusha mbele yangu bila kusema neno.